Gari Limeshuka Kilindini: Umkabidhi Nani, Gereji Kubwa au Fundi wa Mtaa?

Magari mengi ya mtumba yanayoshuka bandari ya Kilindini yana umri wa miaka 7 hivi, na umri huo una sababu mbili. Ya kwanza ni sheria yetu: gari lililopita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia Kenya. Ya pili iko Japani kwenyewe. Kule gari la kibinafsi hukaguliwa kisheria likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, yaani mwaka wa 3, wa 5 na wa 7. Ukaguzi huo, wenyewe wanauita shaken, una gharama yake, na mwenye gari akiona ule wa mwaka wa 7 unakaribia, mara nyingi huona heri auze. Kwa hiyo wewe uliyelipokea hapa Mombasa umelipata wakati ule ule ambapo kazi nyingi za matengenezo zilikuwa zimeiva, na aliyekutangulia amekuachia zote.

Ndiyo maana swali la nani atalishika gari lako mwaka wa kwanza ni zito kuliko swali la rangi ya viti. Mombasa kuna njia nne: gereji ya muuzaji rasmi, gereji ya binafsi yenye lifti na mashine, fundi wa mtaa, na mikono yako mwenyewe. Watu hubishana ipi bora kana kwamba ni lazima uchague moja ufe nayo. Mimi nasema kila moja ina kazi yake, na anayepeleka kazi zote mahali pamoja, popote pale, ama analipa zaidi ya inavyostahili ama anaharibiwa gari. Nitalinganisha njia zenyewe kwanza, halafu oili, maji na spea, maana huko nako kuna kuchagua.

Lijue kabla ya kumwita mtu

Fungua mlango wa dereva utazame ukingo wake, ule unaojificha mlango ukifungwa. Magari mengi ya Japani hubandikwa hapo stika ndogo na gereji iliyobadilisha oili mara ya mwisho. Usipoiona hapo, itafute chini ya boneti. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile zetu: kuna tarehe, na kuna kilomita. Tarehe ikianza na R5, huo ni mwaka 2023, kwa sababu Wajapani huhesabu pia miaka kwa enzi ya mfalme wao, na enzi ya sasa, Reiwa, ilianza 2019. R1 ni 2019, R2 ni 2020, uendelee hivyo hivyo. Ukiona H30, hiyo ni 2018, ya enzi iliyotangulia.

Sasa linganisha kilomita za stika na za dashibodi. Stika ikisema 96,400 na dashibodi ikasoma 71,000, mita imerudishwa nyuma, na hapo una hoja ya kusimama nayo mbele ya muuzaji kabla hujamaliza kulipa. Tahadhari moja tu: stika nyingine huandika kilomita za sevisi inayofuata, si za iliyopita, kwa hiyo tofauti ya elfu 5 hivi isikutie wasiwasi. Kuna wauzaji ambao hubandua stika hizi gari likingali yadini. Ukikuta alama ya gundi mahali ilipokuwa, uliza.

Kisha tafuta kibao chenye nambari ya chasisi na msimbo wa modeli. Ukipiga picha kibao hicho ukakiweka kwenye simu, umejiokolea safari nyingi za bure madukani. Vitz si moja: KSP130 ina injini ya lita 1.0 yenye silinda 3, na NSP130 ina ya lita 1.3 yenye silinda 4. Fielder ya NZE161 na ya NRE161 ukiziegesha pamoja huenda usizitenge kwa sura, lakini chini ya boneti moja ina injini ya 1NZ-FE na nyingine ya 2NR-FKE. Muuza spea akikuuliza, "Fielder gani, bwana?" na wewe ukajibu, "Fielder ile nyeupe," atakupa anachodhani.

Matairi nayo yana habari. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Gari linaweza kufika na matairi yaliyotoka nalo kiwandani, meno bado marefu, lakini mpira umeshazeeka na kupasuka nyufa ndogo ndogo. La hatari zaidi ni tairi lenye neno STUDLESS ubavuni. Hilo ni tairi la theluji, la gari lililotoka mikoa ya baridi. Mpira wake ni laini kwa ajili ya barafu. Kwenye lami ya Mombasa saa saba mchana huisha upesi, na mvua za masika zikianza halishiki njia vizuri. Matairi ya aina hiyo yabadilishe hata kama yanaonekana mapya. Upepo fuata stika ya mlangoni, si mkono wa kijana wa tairi: imeandikwa kwa kPa, na 230 ni kama psi 33.

Redio itagoma kushika stesheni nyingi za hapa, kwa kuwa za Japani huishia 90 au 95 nasi tunapanda hadi 108. Hilo si ubovu, kuna kifaa kidogo cha kuongeza masafa na fundi redio yeyote anacho.

Gereji rasmi, gereji ya binafsi, fundi wa mtaa

Gereji ya muuzaji rasmi ina mambo ambayo wengine hawana: mashine ya kampuni yenyewe ya kusoma hitilafu, orodha ya spea inayofunguka kwa nambari ya chasisi, risiti, na dhamana ya kazi. Gari likiwa na taa ya mfuko wa hewa inayowaka, au tatizo la ufunguo wa kielektroniki, hapo ndipo pa kwanza pa kuuliza. Ubaya wake ni bei, tena bei ya kubadilisha kitu kizima hata pale ambapo kingetengenezeka. Gari linaingia ndani, wewe unabaki kwenye viti vya wageni, huoni kilichofanyika. Uliza mapema kama wanapokea gari lililokuja moja kwa moja kutoka Japani, kwa sababu kuna modeli ambazo wao hawakuwahi kuziuza hapa.

Gereji ya binafsi ninayoisema ni ile ya fundi aliyebobea katika aina moja au mbili za magari, mwenye lifti, mashine ya kupimia na wasaidizi wanaovaa ovaroli. Mombasa wapo, na baadhi yao walijifunza kazi katika gereji kubwa kabla ya kujitegemea. Kwa gari la miaka 7 hadi 12, hii kwa maoni yangu ndiyo njia yenye thamani kubwa kuliko zote. Unaongea na anayelishika gari mwenyewe, unaruhusiwa kusimama chini ya lifti ukaonyeshwa bushi iliyochanika, na vifaa vipo. Namna ya kumpima ni swali moja: "Giaboksi ya gari hili inatumia oili gani?" Akikutajia jina kamili, au akasema ngoja nitazame, kaa naye. Akikwambia zote ni sawa, shukuru uondoke.

Fundi wa mtaa, yule wa chini ya mwarobaini Magongo, Kongowea, Majengo au Likoni, wengine humdharau na wengine humwabudu. Ukweli ni kwamba ana sikio. Miaka ya kusikiliza magari mabovu imemfunza kutenga mlio wa bearingi na mlio wa tairi bila kifaa chochote. Atatengeneza kile ambacho gereji kubwa ingekitupa: altaneta atalifungua, mota ya kioo ataisafisha na kuirudisha. Bei yake ni nafuu na atakuja mpaka ulipokwamia. Lakini hana lifti, anafanya kazi kwenye vumbi, na gari analipandisha kwa jeki na mawe. Kazi inayotaka usafi, vipimo vya joto au kukaza nati kwa nguvu maalumu si haki kumpa, na akiharibu lawama si yake peke yake. Mpe kubadilisha oili ya injini, filta, pedi za breki, plagi, balbu, mikanda ya nje, bushi na mpira wa staringi. Oili na spea nunua mwenyewe ufike nazo, ukae kwenye benchi lake, na spea kuukuu akukabidhi mkononi.

Mikono yako nayo isidharauliwe. Kupima oili kwa kijiti kila wiki injini ikiwa imepoa, kutazama kiwango cha kulanti kwenye chupa yake, kukung'uta filta ya hewa, kubadilisha filta ya eyakondishina iliyo nyuma ya kasha la dashibodi: hakuna hata moja inayohitaji fundi. Filta ya eyakondishina hasa. Watu hulipia gesi mpya kwa sababu hewa haitoki kwa nguvu, kumbe filta imejaa majani na vumbi la Japani.

Anayeendesha teksi mchana kutwa hawezi kulaza gari siku mbili akisubiri gereji rasmi. Huyo ashike fundi wa mtaa mwaminifu kwa kazi za kila mwezi, na gereji ya binafsi mara mbili kwa mwaka, lifti ipande gari litazamwe chini. Anayetoka Nyali kwenda kazini mjini na kurudi, kilomita chache kwa siku, amudu gereji ya binafsi kwa kila kitu isipokuwa anayoyafanya mwenyewe. Mwenye gari la umri mdogo, au lenye vifaa vingi vya kielektroniki kama kamera na rada za kuzuia kugonga, hasa kioo cha mbele kikibadilishwa, gereji rasmi anaihitaji, kwa kuwa kamera iliyo kwenye kioo hicho inatakiwa ielekezwe upya kwa mashine.

Sevisi ile ya kwanza kabisa, nawasihi wote waipeleke penye lifti. Ni ya kuanza hesabu upya: oili ya injini na filta, oili ya giaboksi, oili ya breki, kulanti, filta zote mbili za hewa, na kuangaliwa plagi, breki na bushi. Ikishafanyika na kuandikwa kwenye daftari kwa tarehe na kilomita, hutategemea tena maneno ya yadi.

Oili nyembamba au oili nzito

Ubishi mkubwa wa Mombasa ni huu. Kifuniko cha oili cha injini nyingi za sasa kimeandikwa 0W-20, na fundi anakwambia, "Hiyo ni ya baridi ya Japani, hapa joto, weka 20W-50." Hoja inaonekana ya busara ila haiendi na jinsi injini inavyofanya kazi. Nambari ya pili ni ya uzito wa oili, na hupimwa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, na injini ikishapata moto, thamostati huishikilia karibu na nyuzi 90, uwe Hokkaido au uwe Makupa. Nyuzi 32 za nje haziibadilishi sana. Kinachobadilika ni ukubwa wa njia ndogo ndogo ndani ya injini, zile zinazopeleka oili kwenye mfumo wa kubadilisha muda wa valvu. Zimetengenezwa kwa oili nyembamba. Ukiweka nzito, oili huchelewa kufika asubuhi ukiwasha, na asubuhi ndipo vyuma hulika.

Kwa hiyo kwa gari la 0W-20, weka 0W-20, au 5W-30 ikiwa kitabu cha gari kinaikubali, na vingi vinaikubali. Kitabu ni cha Kijapani, lakini simu inakisoma ukikipiga picha. 20W-50 iache kwa injini za zamani zilizochoka zinazokunywa oili.

Muda wa kubadilisha, Toyota huko Japani huandika kilomita 15,000 au mwaka 1 kwa injini za petroli zisizo na tabo, na nusu ya hapo, 7,500 au miezi 6, kwa gari la matumizi magumu. Foleni ya kivuko cha Likoni, gari limesimama na eyakondishina inanguruma, ni matumizi magumu: kilomita haziongezeki lakini injini inafanya kazi. Ukiwa na oili ya sinthetiki, 7,500 inatosha. Ya kawaida, 5,000. Mwenye Demio ya dizeli ana neno lake la zaidi: inataka oili yenye majivu machache, na filta yake ya moshi hujisafisha ikipata safari ya kasi ya kutosha. Ikizungushwa Digo Road na Moi Avenue wiki nzima, itaziba. Anayeishi kisiwani na hatoki, achukue ya petroli.

Giaboksi, pesa zinapopotelea

Magari madogo ya Japani ya otomatiki yana giaboksi za aina mbili kubwa, na kwa kutazama leva huwezi kuzitenga, zote ni P, R, N, D. Moja ni ya gia za kawaida. Unaihisi ikipanda kutoka ya 1 hadi ya 6. Mazda Demio ya DJ, iliyotoka 2014, ina hii. Nyingine ni CVT, isiyo na gia za kupanda na kushuka bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazotanuka na kusinyaa. Nissan Note E12, Vitz, Fielder na Honda Fit GK3 ziko upande huu.

Mkanda ule hushikwa na puli kwa msuguano wa chuma kwa chuma. Kinachouwezesha kushika bila kuteleza wala kuchubuka ni oili yenyewe. Oili ya ATF, ile ya giaboksi za gia za kawaida, imetengenezwa kwa ajili ya klachi, si kwa ajili ya mkanda, na ukiitia kwenye CVT mkanda huanza kuteleza na kukwangua puli. Kwanza gari hutetemeka likiondoka. Kisha injini inapiga kelele na kasi haipandi. Baadaye ni giaboksi nzima, na bei yake kwa gari dogo inauma. Note E12 hutumia NS-3, Toyota nyingi ndogo za miaka hiyo hutumia CVT Fluid FE, Honda Fit GK3 hutumia HCF-2. Andika jina hilo mahali ambapo fundi ataliona.

Kupima kiwango nako kuna ufundi wake. Nyingi za giaboksi hizi hazina kijiti. Kiwango hupatikana gari likiwa limekaa sawasawa juu ya lifti na oili ikiwa kwenye joto maalumu linalosomwa kwa mashine, kisha ya ziada huachwa idondoke yenyewe. Kwenye jeki na mawe, gari likiwa limeinama, huwezi kupata kipimo hicho. Hii ndiyo sababu nasema giaboksi si kazi ya mtaani, hata fundi awe hodari vipi.

Je, ibadilishwe lini? Utasikia kwamba ni oili ya maisha. Kwa gari lililofika na kilomita 60,000 au zaidi bila rekodi, mimi ningeibadilisha kwenye sevisi ile ya kwanza, na tena kila 40,000. Kuna kumwaga na kujaza, kunakotoa sehemu tu ya oili, na kuna kuisukuma yote kwa mashine. Napendelea kumwaga mara mbili, kukiwa na mwezi wa kuendesha katikati, na sahani ya chini ifunguliwe mara moja sumaku zisafishwe. Sumaku zikiwa na unga laini wa kijivu, ni kawaida. Zikiwa na vipande unavyoweza kushika kwa kucha, ni habari nyingine.

Wenye Aqua na Fielder ya haibridi hawana mkanda huu, wao wanatumia ATF WS. Kinachowahusu ni tundu la hewa lililo kando ya kiti cha nyuma, linalopoza betri kubwa. Mchanga wa Bamburi, nywele na taulo lililotupwa hapo vinaizibia pumzi. Litolewe kifuniko, filta isafishwe.

Maji ya kisima na maji ya bomba

Hapa ndipo tofauti ya Mombasa na Nairobi inapoonekana. Maji ya bomba yanatoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kandokando ya mto Sabaki, na hayatoshi mji. Pengo linajazwa na visima, na vingi vya visiwani na pwani ya kaskazini ni vya chumvi.

Rejeta inayojaziwa maji ya kisima huota magamba ndani, kisha hutoboka. Kulanti iliyokwisha kuchanganywa ni ghali kuliko maji ya bure, lakini ina dawa ya kuzuia kutu na inachemka kwenye joto la juu zaidi. Ukilinganisha na bei ya rejeta na kichwa cha injini kilichopinda, ni rahisi. Ukikwama njiani na huna ila maji, tia ya chupa ya dukani, ufike, kisha mfumo umwagwe na kujazwa kulanti ya aina ile ile; ya pinki na ya kijani zisichanganywe.

Kuosha nako ni hivyo hivyo. Kituo cha kuoshea barabarani ni haraka na nafuu, vijana wanajua kazi, ila uliza maji yanatoka wapi. Chovya kidole uonje. Sabuni isipotoa povu, umeshapata jibu. Kuosha kwa maji ya chumvi kisha kuliacha gari likauke juani ni kulipaka chumvi upya kila wiki, hasa chini ambako macho hayafiki. Heri uoshe nyumbani kwa ndoo mbili za maji matamu mara moja kwa wiki mbili. Na wakati wa kusi, upepo unapoleta unyevu wa bahari mpaka barazani, au baada ya kuvuka kivuko maji yakiwa yamerukia gari, chini pamwagiwe maji matamu.

Kinga ya kutu nayo ni ya kuchagua. Wapo wanaopulizia oili chafu ya injini chini ya gari. Ni bure, na hushika vumbi, hulainisha mpira wa bushi mpaka ukaoza, na huchuruzika kwenye udongo wetu. Lami nene ya kupaka inaonekana imara, lakini ikipakwa juu ya kutu iliyokwisha kuanza huifungia unyevu ndani ikaendelea kula gizani. Dawa ya nta inayopenya kwenye mishono, ikirudiwa kila mwaka, ndiyo ninayoiamini, baada ya chini kusuguliwa na kukaushwa vizuri. Gari lililotoka kaskazini ya Japani litazamwe kwanza, maana barabara zao za theluji hutiwa chumvi.

Spea: ya boksi la kampuni, mbadala, au mtumba

Ya boksi la kampuni ya gari ni ghali na mara nyingi imetengenezwa na kiwanda kingine kinachouza kitu hicho hicho kwa jina lake: Denso, Aisin, NGK, KYB, Akebono. Kwa kazi nyingi hizi ndizo chaguo langu. Tatizo ni feki. Bei ikiwa chini mno kuliko duka la pili na la tatu, kuna sababu, na plagi na filta ndizo huigwa sana. Plagi ya iridiamu ya kweli hudumu hadi kilomita 100,000, kwa hiyo kununua rahisi hakuna faida yoyote.

Spea za mtumba kutoka Japani ni nzuri kwa milango, taa, vioo vya pembeni, bampa, altaneta, hata giaboksi ikiwa umeiona ikifanya kazi. Kwa vitu vya mpira na vya msuguano, hapana: pedi, mikanda, bushi, mipira ya injini. Mpira uliokaa miaka 7 Japani ni mpira wa miaka 7. Shokabzoba za mtumba hununuliwa sana na hufanya kazi, lakini zitazame kama hazina oili iliyovuja, na ununue jozi.

Betri ya gari linalozima injini lenyewe likisimama, yenye maandishi kama M-42 au Q-85, bei yake huwashtua watu. Ukiweka ya kawaida ya ukubwa ule ule, gari litawaka, ila itakufa mapema usipozima mfumo huo kila unapoendesha. Joto letu hula betri. Chaguo langu ni ya kawaida na mfumo uzimwe, kwa sababu na eyakondishina ikiwa inafanya kazi injini hulazimika kuwaka tena upesi hata hivyo.

Oili ya breki ni chupa ndogo ya bei ndogo na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu tunao. Ya aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji, kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Mjini hutahisi lolote, kisiwa ni tambarare. Utakapokuwa ukishuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate na gari limejaa watu, kona baada ya kona, mguu juu ya breki, oili ikichemka kanyagio linazama mpaka chini. Ibadilishwe kabla ya safari hiyo, tena kila miaka 2, na DOT 4 ikipatikana uichukue.